Majina ya watoto huku Mtwara na Lindi, yanayosemwa na yaliyo kweli

Dada yangu kajifungua mtoto wa kike hapa Magomeni, Mtwara mjini, na siku ya saba wakampa jina la bibi yetu, Somoe. Basi simu zikaanza. Shangazi yuko Dar anasema jina la kizee hilo mtoto atachekwa shuleni, jirani anasema sio jina la dini, shemeji yetu wa Moshi anauliza mbona huku kwenu kila mtu ni Somoe au Hamisi, hamna majina mengine? Nikasema hapana, hili ngoja niliandike, maana haya maneno nayasikia kila mtoto akizaliwa na mengi sio kweli.

"Watu wa kusini wote Waislamu, si unaona majina yao."

Pwani ndiyo, sibishi. Ibn Battuta alivyofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani anaitwa Hassani bin Selemani, na leo ukisimama stendi ya Kilwa Masoko ukaita Hassani au Selemani watageuka watu kibao, karibu miaka mia saba majina ni yale yale, mi hii huwa inanifurahisha sana. Lakini panda juu kidogo uone. Masasi wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana, walifika 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, Wabenediktini wakaanza Ndanda 1906, na kule utawakuta kina Benedikto na Bonifasi na Agata tangu enzi za mababu. Rais Mkapa mwenyewe, Benjamini, kazaliwa Lupaso mwaka 1938, na Lupaso iko Masasi, sio Kilimanjaro.

Halafu kuna majina ambayo dini huwezi kuyakisia kabisa. Chukua Majaliwa. Waziri Mkuu aliyekaa toka 2015 mpaka 2025, Kassim Majaliwa wa Ruangwa, ni Mwislamu. Sasa rudi nyuma, mwaka 1890 Waanglikana walimpa upadri Mwafrika anaitwa Cecil Majaliwa, akaenda kufanya kazi Chitangali, bara ya huku huku kusini. Jina moja, huyu msikitini yule kanisani, kwa sababu Majaliwa ni Kiswahili tu, limetoka kwenye kujaliwa, na kujaliwa hakuna mwenye hatimiliki.

"Mwislamu lazima awe na jina la Kiarabu."

Hapa jirani yetu tulimjibu vizuri. Kinachosisitizwa kwenye dini ni maana nzuri. Mtume mwenyewe alimbadilisha mwanamke mmoja jina kwa sababu lilimaanisha mwasi, akamwita Jamila, lakini masahaba wengi tu walisilimu wakabaki na majina waliyopewa na wazazi wao kabla, Omari mmojawapo. Kwa hiyo Somoe, Siwema, Zawadi, hayana shida. Na kwa kuwa tumegusa hapo, wale mnaocheka wasichana wetu wanaoitwa Asia mkasema wazazi wameokota jina kwenye ramani, hilo sio bara jamani, huyo ni Asia mke wa Firauni, yule aliyemlea Nabii Musa.

"Tabu, Shida, Mashaka, Sijaona, Sikudhani, hayo majina ya mkosi, mzazi hakumpenda mtoto."

Hili linaniuma kuliko yote. Mama ambaye kazika watoto wawili au watatu, akapata mwingine, anaogopa hata kumfurahia, anampa jina baya makusudi ili kifo kikipita kione hapa hamna cha maana. Hiyo ni kinga. Mwingine anaitwa Shida kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa, au mama alikuwa na ugomvi na mawifi na hakuwa na pa kusemea, akayaweka maneno yake kwenye jina la mtoto, kila wanapomwita wanasikia. Hao ni watoto waliopendwa sana. Sasa mtu anafika mjini anaona aibu anajiita jina lingine, na ile habari ya mama yake inapotea hivyo hivyo.

"Pili kazaliwa Jumapili, Tatu kazaliwa Jumatatu."

Inawezekana, ila mara nyingi Pili ni mtoto wa pili na Tatu ni wa tatu. Uliza kwanza. Ramadhani, Shabani na Rajabu ni miezi ya Kiislamu, na ile miezi inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo Ramadhani mmoja kazaliwa masika, mwenzake kiangazi cha korosho.

"Watu wa kusini wanabadilisha majina ovyo, leo huyu kesho yule, ni ujanja."

Sasa hapa mtulie kidogo maana ndo penye mambo. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua, jina la kuzaliwa lilikuwa la muda. Mtoto akipelekwa jando au unyago akirudi anarudi na jina jipya, mara nyingi la mkubwa fulani wa ukoo, na lile la utotoni linaachwa huko huko porini. Kumwita mtu mzima jina lake la utoto ilikuwa ni kumtukana, kama unamwambia wewe bado hujawa mtu. Sasa weka na shule hapo. Mtoto kaandikishwa darasa la kwanza kwa jina moja, kaenda jando likizo, karudi na jina lingine, nyumbani wanamwita hivi mwalimu anamwita vile. Ndo unakuta mzee cheti cha ubatizo kina jina lake, kadi ya chama ina lingine, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanataka lingine, na kijana wa dirishani anamwangalia kama mwizi. Sio mwizi huyo. Kapita jando. Siku hizi watoto wanakwenda wadogo na kwenye makaratasi linabaki lile la cheti cha kuzaliwa, la jando linatumika nyumbani tu, lakini wazee wetu wanahangaika nalo mpaka leo.

"Hawana majina ya ukoo, kila kizazi jina la mwisho linabadilika."

Jina la mwisho kwa wengi ni la baba au babu tu, ni kweli. Ukoo wenyewe kwa makabila haya kwa asili unapita kwa mama. Ukitaka kujua mimi wa wapi, muulize mjomba wangu, cheti hakitakwambia.

"Mmakonde anaitwa Pedro, basi mkimbizi."

Ruvuma ni mto, haujawahi kuwa ukuta. Wamakonde wako pande zote mbili, na wakati wa vita vya ukombozi kule Msumbiji, 1964 mpaka 1974, wengi walivuka na majina ya Kireno waliyobatizwa nayo. Wajukuu wao wamezaliwa Newala na Tandahimba, ni Watanzania, jina la babu wamelirithi tu.

"Che" nalo wageni wanadhani ni jina. Ni heshima, kwa Wayao na Wamwera, Che Hassani, Che Somoe, mwanamke au mwanaume.

La mwisho ni la tahajia. Hadija, Saidi, Rashidi, Mohamedi, wapo wanaosema tumekosea, eti sahihi ni Khadija na Said. Kiswahili kinapenda neno liishe na irabu, bibi zetu walitamka hivyo na wakaandikwa hivyo, hayo ni majina kamili. Shida inakuja pale nesi anaandika Said, shule Saidi, benki Saeed. Mkubaliane nyumbani kabla hamjaenda kuchukua cheti, na mkikipokea kisomeni herufi kwa herufi pale pale dirishani. Ikishakuwa ndivyo sivyo, jina linabadilishwa kisheria kwa kiapo na hati ya kubadili jina, msidanganywe kwamba haiwezekani, ila ni hela na nauli.

Sisi tumeandika Somoe. Bibi anamwita somo wangu, na akiudhika na kilio usiku anamwambia mke mwenzangu nyamaza, mume wetu kalala. Dada yangu yeye hawezi kumtaja bibi yake kwa jina hivi hivi, kwa hiyo mtoto ana wiki tatu na mama yake anamwita Bibi.