"Gaan staan en": kitenzi cha kusimama kinapogeuka lawama katika Kiafrikaans

Chukua sentensi hii ya Kiafrikaans: "Hy gaan staan en breek my koppie." Neno kwa neno ni "yeye-enda-simama-na-vunja-kikombe-changu". Lakini hakuna aliyekwenda popote, wala aliyesimama. Maana yake ni: "Yaani kaenda kanivunjia kikombe changu!" Tukio ni moja tu, kuvunjika kwa kikombe. Maneno mengine yanabeba hasira ya anayesema.

Hicho ndicho wanaisimu wanachokiita mtazamo wa msemaji: sehemu ya sentensi isiyoeleza kilichotokea, bali inayoonyesha msemaji anakionaje. Kiafrikaans, lugha iliyochipuka kutoka Kiholanzi cha Rasi ya Tumaini Jema kuanzia karne ya 17, kimepoteza karibu minyambuliko yote ya kitenzi. "Lees" (soma) haibadiliki, awe ni mimi, wewe au wao. Hakuna kiambishi cha kuchezea kama "-ka-" yetu. Kazi nyingi basi huangukia vitenzi vinavyopangwa pamoja.

Vinavyotumika hasa ni vinne: "sit" (kaa), "staan" (simama), "lê" (lala) na "loop" (tembea), kila kimoja kikifuatwa na "en" na kitenzi kikuu. Mwanzo wake ni wa kawaida kabisa. "Sy sit en brei": ameketi anafuma. Anayefuma huku ameketi huwa yumo katikati ya kazi, kwa hiyo msikilizaji huchukua pia maana ya kuendelea. Maana hiyo ikizoeleka, mkao wenyewe unafifia. "Hulle sit en wag" yaweza kuwa tu "wanasubiri tu", hata kama mmoja wao yuko mlangoni.

Kutoka hapo hadi lawama ni hatua fupi. Anayeendelea na jambo kwa muda alikuwa na nafasi ya kuliacha, na hakuliacha. Ndiyo maana "Wat staan en kyk jy?" ni "Unakodoa macho nini hapo?" na si swali la kutaka habari. "Moenie loop en skinder nie" ni "Usizunguke ukisengenya watu". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, maana "unakaa unabishana na mtoto" nayo haihusu kiti.

"Gaan" (enda) ikitangulia, muundo unakolea. Kwenda ni kuamua. Anayekwenda kufanya jambo hawezi kusema lilimjia tu. Kwa hiyo "gaan staan en" hubandika wajibu juu ya mtendaji, hata pale ambapo hakukusudia. Jaribio zuri ni vitenzi vya tukio la ghafla, visivyoweza kuendelea kwa muda: vunjika, anguka, sahau, fa. Linganisha "hy gaan lê en sterf" na "hy gaan staan en sterf". Ya kwanza bado inasomeka kuwa alijilaza akafa. Ya pili haisemi alikufa wima. Inasema kafa wakati mbaya, katuacha na mzigo. Hapa "staan" imefifia kuliko "lê".

Mwanafunzi hukosea zaidi kwenye wakati uliopita. Uunganishaji wa kweli huweka "ge-", kiambishi cha wakati uliopita, kwenye vitenzi vyote viwili: "Sy het gesit en gelees", aliketi na alisoma, mambo mawili. Muundo tunaouzungumzia huacha kitenzi cha pili kitupu: "Sy het sit en lees", au "Sy het gesit en lees", alikuwa akisoma. Dalili nyingine ni mahali pa yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Katika "Hy het my koppie gaan staan en breek", kikombe kimetangulia vitenzi vyote, ingawa "staan" haina yambwa. Hilo haliwezekani isipokuwa kundi zima ni kitenzi kimoja. Tahadhari: usijaribu kipimo cha "ge-" kwa vitenzi vya "ver-" kama "verkoop" (uza) au "vergeet" (sahau), kwani hivyo havichukui "ge-" kamwe, na utadanganyika.

Kosa la pili ni kudhani lawama imo ndani ya "sit" au "staan" zenyewe. Haimo. "Ons het heerlik sit en gesels" ni sifa tupu: tulipiga soga tukafurahi. Lawama huja kwa mchanganyiko wa "gaan" pamoja na tukio lisilotakiwa, au katazo la "moenie", au swali la "wat" kwa mtu anayetazamwa usoni. Ukikosa vyote hivyo, soma sentensi kama hali ya kuendelea tu.

Kwa anayejifunza, kumwelekezea mtu mwingine muundo huu ni kumgombeza, hata kwa sauti ya upole. Njia salama ya kuuzoea ni kujilaumu mwenyewe: "Toe gaan staan en vergeet ek die sleutels in die kar." Yaani nikaenda nikasahau funguo ndani ya gari.