Je, wajua? Ziwa Victoria hunyweshwa na mawingu kuliko mito

Kila mwaka, majira ya Aprili, maelfu ya wanasayansi wa ardhi, maji na hewa hukutana Vienna, Austria, katika mkutano mkuu wa Umoja wa Jiosayansi wa Ulaya. Wengi wao hawapandi jukwaani. Hupewa ubao wenye upana wa karibu mita 2, wakabandika bango la utafiti wao, kisha wakasimama kando yake muda mrefu wakijibu yeyote anayepita na swali.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Jioni moja kabla ya safari alilitandaza bango lake juu ya meza ya chakula, hapa Entebbe, akanitaka nijifanye mpita njia wa Vienna. Nilitazama mchoro wa kwanza, maji yanayoingia Ziwa Victoria, nikaona nguzo mbili: moja ndefu imeandikwa mvua, nyingine fupi kama kidole gumba imeandikwa mito.

"Umechanganya rangi," nikamwambia.

"Hapana, kaka. Soma tena."

Nilisoma tena, na bado sikukubali. Nimekulia kando ya Nnalubaale, kama Waganda wanavyoliita, na tangu shule ya msingi najua ziwa hujazwa na mito: Kagera, Nzoia, Yala, Sondu, Mara. Tuliichora yote, kila mmoja na mshale wake wa buluu. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia tuchore mshale unaoshuka kutoka juu. Nikamtupia hoja niliyoiona nzito: ardhi inayomwaga maji ziwani ni kubwa karibu mara tatu kuliko ziwa lenyewe. Mvua ya eneo lote hilo inakwenda wapi?

Haifiki. Ardhi ina wateja wengi. Udongo hunywa, migomba hunywa, vinamasi vya mafunjo hukaa na maji wiki nzima juani, na kinachobaki ndicho kinachoitwa mto. Kwa makadirio ya kawaida, katika kila ndoo kumi za mvua inayonyesha nchi kavu, ni ndoo moja hivi inayofika ziwani. Mvua inayoangukia ziwa lenyewe haimlipi mtu ushuru. Ndiyo maana takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia hutoka angani moja kwa moja, na mito yote kwa pamoja, Kagera ulio mkubwa kuliko yote ukiwemo, hugawana iliyobaki. Maji hutoka kwa mtindo uleule: sehemu kubwa hupaa kama mvuke, na Mto Nile pale Jinja huchukua kama moja ya tano tu. Hilo nalo lilinishangaza, maana Nile ndiyo inayopigwa picha.

Umbo la ziwa linasaidia. Lina kilomita za mraba karibu 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi. Ni sinia, si mtungi. Ukiviacha vyote viwili uani usiku wa mvua, sinia litakinga zaidi. Ukiviacha juani, ndilo litakalowahi kukauka.

Lakini sinia halijiitii mvua, na ziwa hili, kwa kiasi fulani, hujiitia. Chukua paa la bati na pipa la maji lililo chini yake. Saa nane mchana bati huwezi kuligusa, ilhali pipa bado lina ubaridi. Saa nane usiku mambo yamegeuka: bati limepoa kabisa, maji ya pipa yana uvuguvugu. Nchi kavu ni bati, ziwa ni pipa. Usiku hewa ya juu ya maji, yenye joto na unyevu, hupanda. Hewa iliyopoa ya Uganda, Kenya na Tanzania huteremka kuja kuziba nafasi yake. Inatoka pande zote kwa pamoja, kama watu wanaoingia ukumbini kwa milango minne, wakikutana katikati hawana pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, unyevu unageuka wingu, na kabla ya alfajiri radi inapiga katikati ya ziwa. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanaofanya kazi usiku kwa taa, hawahitaji bango kulijua hilo.

Upepo wa jumla huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo mawingu hayo husukumwa magharibi. Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Musoma, na ziwa ni lilelile.

Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Wim Thiery walilifuta ziwa hili, pamoja na mengine makubwa ya ukanda wetu, ndani ya modeli ya kompyuta, wakaona mvua inayonyesha mahali pake imepungua karibu nusu. Hiyo ni modeli, si ziwa. Vipimo vingi vya mvua viko ufukweni na visiwa vichache, basi mvua ya katikati hukadiriwa kwa setilaiti, na mvuke nao hukokotolewa. Wengine huiweka asilimia 80 chini kidogo, wengine juu kidogo. Hakuna hesabu inayoirefusha ile nguzo fupi hadi kuipita ndefu.

Anayelishwa na mawingu hupanda na kushuka nayo. Mvua kubwa za 1961 zililiinua ziwa karibu mita 2.5 kufikia 1964, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. (Hicho si kina; ni alama tu ya kipimo.) Fukwe ninazozijua hapa Entebbe ziliingia majini, viti, vibanda na yote.

Upande wa pili wa hesabu hiyo umelala chini ya matope. Watafiti waliotoboa sakafu ya ziwa walikuta tabaka la udongo wa nchi kavu lenye alama za mizizi: kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita mawingu yalipungua, na ziwa likakauka. Wanabiolojia bado wanabishana jinsi samaki wake aina ya siklidi, spishi zaidi ya 500, walivyoweza kutokea tangu hapo.

Mdogo wangu aliporudi kutoka Vienna nilimuuliza Wazungu walisema nini. Wa kwanza kusimama mbele ya bango, akasema, alimwambia amechanganya rangi.