Je, wajua? Sio kila sumu ya ini inaamsha seli za akiba

Ukimkata panya wa maabara theluthi mbili za ini, baada ya siku 7 mpaka 10 hivi limesharudi karibu uzito uleule, na wengi wakisikia hivyo wanadhani kuna seli shina fulani (zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zimejificha humo ndo zimefanya kazi, kumbe wala. Ni seli za ini zenyewe, zile za kila siku, zinagawanyika tu mpaka pengo linajaa.

Seli za akiba za namna hiyo zipo lakini. Zinakaa kwenye vijifereji vidogo sana, pale nyongo inapotoka kwenye seli za ini kuingia mirija yake. Mwaka 1956 Emmanuel Farber alielezea panya waliolishwa kemikali za kuleta saratani, ethionini ikiwemo, ini lao likajaa vijiseli vya umbo la yai, ndo hizo seli za akiba zimeamka. Sasa mbona sumu nyingine haziziamshi hivyo?

Chukua kaboni tetrakloridi. Enzaimu za ini ndo zinaigeuza kuwa kitu kikali (yaani ini linajitengenezea sumu lenyewe!), na kwa vile enzaimu hizo zimejazana kwenye seli zilizo karibu na mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini, hizo ndo zinakufa. Majirani zao wamepona, wanagawanyika, wanaziba, basi. Akiba haihitajiki sana.

Asetilaminofluorini, mojawapo ya zile kemikali za kuleta saratani, ni habari nyingine kabisa. Mpe panya hiyo kwanza halafu ndo umkate ini: seli za kawaida zinapata ishara ya kukua ila haziwezi, maana zimeichakata ile kemikali na DNA yao imeharibika, wakati seli za akiba hazina enzaimu za kutosha za kuichakata kwa hiyo zenyewe hazijaguswa. Hapo ndo zinaongezeka kwa fujo, zinasambaa ndani ya ini na baadhi zinageuka kuwa seli za ini kamili. Kwa hiyo kinachoziita sio ukubwa wa kidonda, ni zile za kawaida kufungiwa njia.

Hao wote ni panya wakubwa (rat kwa Kiingereza); kwa panya wale wadogo (mouse) mambo yalileta ubishi. Tafiti za 2014 ziliwekea seli alama na kufuatilia vizazi vyake, zikakuta seli mpya za ini karibu zote zimetoka kwa seli za ini za zamani, hata kama akiba zilikuwa zimeongezeka. Halafu 2017 watafiti wengine wakazizuia seli za ini zisigawanyike kwa kuchezea jeni, wakaongeza na sumu, na safari hii seli za mirija ya nyongo zikatoa sehemu kubwa tu ya seli mpya. Samaki pundamilia yeye hana ubishi, ukimuulia karibu seli zote za ini, zile za mirija zinageuka zenyewe na kujenga ini upya.