Picha nzuri siyo picha ya muhuri

Kila wiki napata meseji ya aina moja, "dada nichongee muhuri wa hii", afu inafuata picha ya WhatsApp, mtoto kakaa kwenye kochi, nyuma pazia la maua, pembeni tivii, na mwenyewe anataka vyote viingie kwenye raba ya kufutia yenye ukubwa wa kiberiti. Mi nachonga kwa mkono, mihuri ya mapambo tu, ya kupiga kwenye mifuko ya kaki, kadi za mwaliko, kurasa za vitabu (ya ofisi sigusi, na wenye Bibi na Bwana, nembo ya taifa, usinitajie hata kwa utani). Na kiukweli kuchonga ndo kazi ndogo, kazi yenyewe iko kwenye picha kabla kisu hakijagusa raba.

Muhuri haujui kijivu. Palipoachwa juu panashika wino, palipochongwa hapashiki, basi. Kwahiyo ukitafuta picha usiangalie imependeza kiasi gani, angalia ukiitoa kijivu chote kinabaki nini. Finya macho mpaka uone ukungu ukungu, kama bado unajua huyo ni paka inafaa, kama paka kayeyukia kwenye kochi mpige tena akiwa karibu na dirisha, mwanga umpige ubavu mmoja. Na ukinitumia, tuma kama dokumenti maana WhatsApp inaibana picha mpaka kingo zinakuwa vumbi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kutafutia picha ni milango ya Mji Mkongwe kule Zanzibar. Fremu ina minyororo, samaki, mayungiyungi, na ule mfaa, mti wa katikati zinapokutana mbao mbili za mlango, peke yake unaweza kukupa mihuri mitatu, na uzuri ni kwamba fundi wa zamani ameshakufanyia hesabu, kilicho juu kiko juu na kilichochimbwa kimechimbwa. Ila usiipige picha jua la utosi, nakshi inalala yote inakuwa kama ubao mtupu, subiri jua la pembeni, asubuhi au alasiri, na vichochoro vile vilivyo vyembamba jua linapita mara moja tu linaondoka. Mi siku hizi simu naiacha kwenye pochi, namwomba mwenye nyumba, naweka karatasi nyembamba juu ya nakshi nasugua na ubavu wa penseli taratibu bila kukandamiza mbao. Inatoka nyeusi na nyeupe hapo hapo, hakuna programu itakayokupa kitu safi vile.

Za mtandaoni zina wenyewe jamani. Sheria yetu ya hakimiliki inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, sasa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha michoro ya Tingatinga, alifariki 1972 hiyo miaka imeshapita, ila wanaochora Tingatinga leo pale Oysterbay, Dar, wapo hai, nenda kaongee nao.

Ukishapata picha, kwenye simu ondoa rangi afu vuta kontrasti mpaka mwisho. Kwenye kompyuta programu ya picha ya GIMP ni ya bure, kuna sehemu unasogeza kijiti, upande mmoja unakuwa mweusi tii na mwingine mweupe pe, cheza nacho mpaka pua irudi. Halafu, na hapa wengi wanaruka, chora upya kwa mkono na maka pen nene kwa saizi ile ile ya muhuri. Kope ambazo maka pen haiwezi kuzichora hata raba haitazibeba, mstari chini ya milimita moja utakatika tu, ukipona kwenye kuchonga utakatikia kwenye kupiga. Kandambili ya zamani nayo inachongeka, ila kwa maumbo makubwa tu, ina vitundu.

Kuhamishia kwenye raba, nenda stationeri katoe fotokopi, ile ya mashine ya unga, siyo printa ya wino wa maji, hiyo haihami. Lalia karatasi kifudifudi, pitisha pamba yenye asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) iwe na unyevu tu isichuruzike maana raba nyingine zinayeyuka, kandamiza na mgongo wa kijiko. Huna asetoni, tumia penseli laini kwenye karatasi ya kuokea keki, lalia, sugua, inahama vizuri tu.

Sasa sikia, ukilalia kifudifudi picha inageuka yenyewe, na ukipiga muhuri inarudi sawa. Usiigeuze tena kwenye simu! Mi niliigeuza. Mteja wa vitumbua alitaka MAMA kubwa ya kupiga kwenye mifuko, nikageuza kwenye simu, nikalalia, nikachonga saa nzima nikikagua herufi moja moja, na M ukiigeuza ni M, A ukiigeuza ni A, sikushtuka kabisa mpaka nilipopiga kwenye mfuko wa kwanza ikatoka AMAM. Nikachonga mwingine bure. Na ule wa kwanza akaubeba pia, anasema mjukuu wake anauchezea.