Leza na mashine ya kuchonga jino: dhana potofu na ukweli

Wapo watu wenye jino lililotoboka ambao huvumilia maumivu kwa miezi kwa sababu wamesikia kuwa leza, kifaa kinachochonga uozo kwa mwanga mkali badala ya mashine inayozunguka, huwezesha jino kuzibwa bila kuuma, nao wanangoja siku watakayoipata. Tundu haliwangoji. Likishafika kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, swali la leza au mashine halipo tena. Kinachobaki mara nyingi ni kutibu mzizi au kung'oa.

"Leza haiumi, hivyo ganzi ya nini?"

Hapa kuna ukweli, ila si wote. Leza haigusi jino, haitetemeshi taya, na haina ule mlio mkali unaowatia watu hofu kabla hata hawajaketi kwenye kiti. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 9 yenye washiriki 662, yaliona dalili kwamba leza hupunguza maumivu na haja ya ganzi. Waandishi wenyewe walitahadharisha kuwa ushahidi huo ni hafifu. Wapo wanaoumia hata kwa leza, hasa tundu likiwa limekwenda chini, na mtu asione haya kuomba sindano. Linalosahaulika zaidi ni kwamba watu huilinganisha leza na mashine iliyotumika bila ganzi. Ganzi ikishika sawasawa, mashine ya kawaida nayo haiumi: utahisi mtikisiko, maji na shinikizo, basi.

"Leza huunguza jino."

Hofu hii ina asili yake. Leza za kwanza zilizojaribiwa kwenye meno, miaka ya 1960, zilitoa joto lililoweza kudhuru kiini. Zinazotumika leo kuchonga ni za aina nyingine. Iliyo maarufu zaidi, ya erbiumu (aina ya metali), iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1997. Mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 2,940, hufyonzwa sana na maji. Maji yaliyomo ndani ya jino hugeuka mvuke ghafla, yakapasuka na kubandua chembe ndogo ndogo. Ndiyo sababu mgonjwa husikia mlio wa kupasukapasuka. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko iliyo nzima, kwa hiyo huondoka upesi zaidi. Hata hivyo leza hii haifai kuchonga bila maji ya kupoza. Mashine nayo ni vivyo hivyo, maana huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika na ikikosa maji hupasha jino moto. Kwa zote mbili, anayelinda kiini ni daktari anayesimamia maji hayo.

"Jino lililochongwa kwa leza likizibwa hudumu zaidi."

Mapitio hayohayo hayakuona tofauti ya wazi. Ninavyoona mimi, swali la kumuuliza daktari ni kama uozo umeondolewa inavyotakiwa na kama jino lilikaa kavu wakati wa kuziba, kisha ujiulize mwenyewe kuhusu sukari na mswaki.

"Kliniki ikiwa na leza, basi inachonga kwa leza."

Si lazima. Leza nyingi za meno ni za aina iitwayo dayodi, na hizo ni za kukata ufizi, hazichongi jino.

"Mashine ya zamani itatupwa."

Haitatupwa karibuni. Leza huchukua muda mrefu zaidi kwenye tundu lilelile. Haitumiki kuondoa amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha iliyozibia meno mengi, kwa sababu ina zebaki na joto huitoa kama mvuke. Kofia za jino za chuma nazo huhitaji mashine. Tena kuna jambo la mkono: kwa mashine daktari huhisi mahali palipo laini na palipo pagumu, lakini leza haigusi, hivyo humbidi asimame mara kwa mara apime kwa kifaa cha mkono. Wengi huanza kwa leza wakamalizia kwa mashine, na hakuna ubaya wowote hapo.

Leza inapotumika, daktari, msaidizi na mgonjwa wote huvaa miwani maalumu ya kukinga macho dhidi ya mwanga huo. Ukiona inataka kuwashwa nawe hujavishwa, inua mkono uombe yako kwanza.