Kabla hujaniuliza kuhusu mfadhili, niambie una vitu vingapi

Jumatatu nilipigiwa simu na katibu wa kikundi kimoja cha wilaya ya Bahi, hapa mkoani Dodoma. Salamu zilikwenda vizuri, mbukwa kwa mbukwa, tukaulizana habari za mvua na watoto, kisha akasema maneno ambayo mwezi huu nimeyasikia mara nne: "Mama, sisi vitu vya kale tunavyo vingi sana. Tunachokosa ni mfadhili tu. Utuandikie andiko zuri la Kiingereza, hela itakuja." Nikamuuliza, vingi ni vingapi? Akanyamaza kidogo. "Vingi, mama. Chumba kimejaa."

Chumba kimejaa si jibu. Nasema hivyo nikijua uchungu ulioko nyuma ya simu ile: mtu anaona vyombo vya babu zake vinaoza na hana hata hela ya kununulia kabati. Lakini imani hii kwamba ruzuku ni suala la Kiingereza na kujuana na wakubwa inatupotezea mikusanyo kila mwaka. Watu wanamsubiri mwandishi, wanamsubiri mgeni, na huku wanasubiri mchwa hawasubiri. Basi nimeamua kuandika, ili simu ya tano nikiipokea niwe na kitu cha kumtumia mtu asome.

Anayesoma andiko lako yuko London au Los Angeles. Bahi hajafika na hatafika. Mezani ana maandiko mengine kutoka nchi nyingi, na kila moja linasema urithi wetu uko hatarini. Kurasa mbili za mwanzo ukimweleza kwamba mkoa wetu ni mkame, vijana hawana ajira na barabara ni mbovu, umemweleza habari za kweli zisizo za kwake. Yeye anatafuta mambo machache: vitu vingapi, viko katika hali gani, vitafanyiwa nini, na siku mradi ukiisha vingapi vitakuwa salama kuliko leo. Hayo huwezi kuyasema kwa Kiingereza chochote kama hujahesabu.

Mwaka juzi niliitwa na kanisa moja la zamani magharibi mwa mkoa. Walikuwa wameshakataliwa mara mbili, na katika maandiko yote mawili waliandika "zaidi ya vitu 2,000". Tukaingia stoo na vijana wanne wa kwaya, mwalimu mstaafu mmoja na kaunta buku mpya. Siku tatu. Tukapata vitu 214 na madaftari 31. Kulikuwa na izeze, yaani zeze la Kigogo, lililovunjika shingo, nyuzi zimejikunja ndani ya kibuyu. Kulikuwa na ilimba, marimba ya kupigwa kwa vidole, ambayo vyuma vyake vimekazwa kwa waya wa breki ya baiskeli, na mwalimu alituzuia tusiuondoe, akasema waya huo nao ni historia ya mpigaji. Alikuwa sahihi, tukauandika. Nyuma ya kabati la madaftari njia ya mchwa ilikuwa imepanda ukutani kutoka sakafuni, nyembamba kama kidole. Nikavuta daftari moja likaja jepesi kama boksi tupu la kiberiti. Jalada zima, mgongo mzima. Ndani kurasa zilikuwa zimeliwa kuanzia katikati, imebaki pambizo, na kwenye pambizo tarehe za watu ambao majina yao hayapo tena.

Mzee wa kanisa alihuzunika kusikia 214. Aliona tumewapunguzia utajiri. Mimi niliona ndiyo kwanza tumepata andiko. Watu wawili wenye mazoezi kidogo wanaweza kusajili, kupiga picha na kuandika ripoti ya hali ya vitu kama 15 kwa siku, kwa hiyo 214 ni siku 15. Siku 15 zina posho yake, chakula chake, umeme wake. Vitu 214 vina idadi ya maboksi na mita za rafu. Bajeti inajiandika yenyewe, na msomaji wa mbali akiuliza kwa nini maboksi 60 na si 100, unaye wa kumjibu: daftari.

Namna ya kusajili sitaichambua hapa. Namba ya sehemu tatu inatosha: mwaka, fungu, kitu. Karatasi andika kwa penseli, nyuma, pembeni. Mti na chuma tandaza kwanza Paraloid B-72 nyembamba (vanishi angavu ya wahifadhi), andika namba juu yake, funika tena. Kalamu ya maka marufuku, selotepu marufuku. Daftari liwe na nakala, na nakala isilale chumba kimoja na daftari.

Ninapotaka kukaa ni hapa: mali ya nani?

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu kila kikundi kinajibu "ni vyetu sote", na "vyetu sote" hakuna mfadhili anayekubali kuisoma kama uthibitisho wa umiliki. Nimewahi kukuta ngoma mbili za muheme katika ofisi moja ya umma, zina vumbi la miaka. Kila mtu pale alisema ni za ofisi. Tukaulizia mitaani, akapatikana mama mmoja anayekumbuka marehemu mumewe alivyoziazimisha kwa ajili ya sherehe za Saba Saba, naye alikuwa bado binti mwenye mtoto mmoja mgongoni. Zaidi ya miaka thelathini. Hakuna aliyeziiba. Sherehe iliisha, gari halikurudi kijijini, afisa akahamishwa. Sasa niambie, ukiziombea ruzuku kama mali ya ofisi ile, umefanya nini? Umemaliza kumnyang'anya yule mama, tena kwa hela ya mgeni na kwa maandishi.

Kwa hiyo kila kitu kwenye daftari kiwe na safu ya mwenye mali, na safu hiyo isijazwe kwa kukisia. Kuna cha ukoo, cha kanisa au msikiti, cha halmashauri, na kuna cha taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 popote vilipo, na huwezi kuchimba bila kibali eti kwa sababu shamba ni lako. Zana za mawe na vigae ambavyo wanafunzi wanaviokota na kuvileta kwa mwalimu si mwanzo wa makumbusho ya shule. Peleka taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Wizara yao iko hapa hapa Dodoma, Mtumba, hatuna tena kisingizio cha nauli ya Dar es Salaam.

Kitu kikiwa cha ukoo, andika makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya wenye kitu. Kitu gani, kinakaa kwa muda gani, nani anaweza kukirudisha nyumbani. Kisha uliza mambo matatu, moja moja: tunaruhusiwa kukipiga picha? Tunaruhusiwa kukionesha? Tunaruhusiwa kuweka picha yake kwenye intaneti? Watu wanayakusanya yote matatu katika saini moja na hapo ndipo wanapokosea. Mzee mmoja wa ukoo wa watemi aliniruhusu kuona vitu vya mvua vya ukoo wao. Aliniruhusu kuvihesabu. Picha akakataa, na nilipomweleza kwamba picha ingesaidia kupata fedha za kuvihifadhi, alinijibu kwa upole kwamba vitu vile vimehifadhiwa kwa kutoonekana. Mpaka leo sijapata hoja ya kumshinda, na nimeacha kuitafuta. Nimeandika namba kwenye daftari, na mahali pa picha nimeacha wazi.

Mifuko yenyewe naipitia haraka, maana ndiyo mnayoiulizia zaidi na ndiyo rahisi kuipata.

Kama mna karatasi za zamani, hasa za kabla ya katikati ya karne ya 20, angalieni Endangered Archives Programme ya British Library, iliyoanza mwaka 2004. Inalipia kunakili kidijiti, nyaraka halisi hazitoki nchini, na nakala zinawekwa wazi kwa wote. Mradi wa majaribio una kikomo cha pauni 15,000. Wanaodhani historia yote iko pwani wakumbuke kwamba wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Wajerumani walikuwa na boma Mpwapwa na Kilimatinde. Karatasi za huku zipo. Tahadhari moja: madaftari ya ubatizo ya miaka ya karibuni yana majina ya watu walio hai, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kama mna picha, kanda na barua za karne ya 20 na kuendelea, kuna Modern Endangered Archives Program ya maktaba ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Naitaja nikiwafikiria watu wa Kongwa. Kila mtu anajua habari za mradi wa karanga wa mwaka 1947, na kwamba kuanzia 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi pale. Lakini picha ya askari wa FRELIMO akiwa amebeba mtoto wa jirani haiko kwenye majengo ya kambi. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi.

Cultural Emergency Response ya Amsterdam ni ya dharura tu: mafuriko, moto, vita. Maporomoko kama yale ya Hanang ya Desemba 2023 ni dharura. Paa lililovuja miaka kumi si dharura kwao. Serikali ya Ujerumani ina mpango wake wa kuhifadhi utamaduni tangu 1981, unaopitia balozi zake. Mfuko wa mabalozi wa Marekani, ulioanza 2001, kwa miaka mingi umekataa kununua vitu, kujenga majengo mapya na kugusa mabaki ya binadamu. Mifuko ya serikali za nje hubadilika na siasa za kwao, msiweke mpango wa miaka mitano juu ya mmoja.

Na ndugu zangu wa Kondoa: michoro ya miambani ya Kolo kuingia Urithi wa Dunia mwaka 2006 hakumaanishi UNESCO itakijibu kikundi chenu. Msaada wa Mfuko wa Urithi wa Dunia unaombwa na serikali. Nendeni na hesabu yenu kwa wanaosimamia Kolo, muwemo ndani ya ombi lao.

Fedha zikija: akaunti ya taasisi, si ya katibu. Risiti ya EFD kwa kila kinachonunuliwa, hata misumari. Kwa asasi zisizo za kiserikali, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa zaidi ya shilingi milioni 20 ufikishwe Hazina na kwa Msajili. Niliwahi kuona kikundi kikirudisha fedha kwa kukosa risiti za mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeshakuwa rafu nzuri kabisa.

Kuna jambo linaloninyima usingizi, na watoa mafunzo ya uandishi wa miradi hawalisemi. Fedha nyingi zinazopatikana ni za kunakili. Skana, kamera, kompyuta. Mimi mwenyewe nimeandika maandiko ya namna hiyo kwa sababu ndiko mlango ulikokuwa wazi, na tukashinda. Leo picha za ngoma za miradi hiyo ziko mahali salama, zinafunguka popote duniani. Ngoma zenyewe ziko chini ya bati lile lile lenye tundu, na kiangazi ngozi inakauka na kupasuka kwa hewa yetu hii ya Dodoma. Sijui kama nilifanya sawa. Tukiomba fedha za bati wanatuambia hawajengi. Njia ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mali za utamaduni, iitwayo RE-ORG, ya kupanga upya stoo kwa vilivyopo, imetusaidia kwa gharama ndogo: kuinua vitu kutoka sakafuni, kuacha nafasi kati ya rafu na ukuta ili njia ya mchwa ionekane, kutoa takataka ambazo si mkusanyo. Lakini tundu la bati haliondoki kwa kupanga. Bati tunachangishana wenyewe, na michango hiyo iandikeni kwenye andiko, kila shilingi, kwa sababu ni mchango wenu na mfadhili anauhesabu.

Yule katibu wa Bahi nilimwambia haya yote kwa simu, kwa maneno machache na pengine kwa ukali kuliko nilivyotaka. Nilidhani amekasirika. Alhamisi jioni akanitumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa kaunta buku, umepigwa mistari kwa rula. Namba 1: kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umepasuka. Namba 2: kibuyu cha maziwa, kimeshonwa. Amefika 38. Kwenye safu ya mwenye mali, mistari 11 ameandika "hajulikani". Jumamosi naenda Bahi, tutaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na hizo 11.