Madalyn Murray O'Hair: aliyoyafanya, aliyosingiziwa, na filamu iliyomsimulia

Filamu ya The Most Hated Woman in America ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2017 katika tamasha la South by Southwest mjini Austin, jimbo la Texas, na siku chache baadaye ikawekwa Netflix, ambako watazamaji wengi walikutana kwa mara ya kwanza na habari za Madalyn Murray O'Hair, mkana Mungu aliyejulikana kuliko wote katika Marekani ya karne ya 20. Jina la filamu, lenye maana ya mwanamke anayechukiwa kuliko wote nchini Marekani, halikutungwa na watengenezaji wake. Ni sifa aliyopachikwa na jarida la Life mwaka 1964, naye hakuikwepa bali aliivaa kama nishani. Melissa Leo ameigiza uhusika huo kwa ustadi mkubwa, kiasi kwamba ni rahisi kusahau kujiuliza kipi kilitokea na kipi kilibuniwa. Hata hivyo, O'Hair alikuwa ametwishwa mambo mengi asiyoyatenda miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa, na baadhi ya hayo filamu imeyaacha yalivyo.

Wapo wanaoitazama filamu hii kana kwamba ni kumbukumbu ya matukio jinsi yalivyofuatana. Sivyo. Mwongozaji Tommy O'Haver na mwandishi mwenzake Irene Turner waliijenga juu ya utekaji wa O'Hair, mwanawe na mjukuu wake mwaka 1995, huku maisha ya nyuma ya O'Hair yakiingizwa vipande vipande katikati yake. Mwanahabari Jack Ferguson, anayeigizwa na Adam Scott, ni mtu wa kubuni. Aliyeifukua habari hiyo kwa kweli ni John MacCormack wa gazeti la San Antonio Express-News, na alianza kuifuatilia mwaka 1996, wakati mateka wote watatu walikwisha kuuawa. Kwa kuuweka upekuzi wa mwanahabari sambamba na siku za mateka, filamu inatupa faraja ambayo historia haikuitoa, kwamba alikuwapo mtu akiwatafuta kwa bidii wangali hai. Kwa upande mwingine, jambo ambalo mtazamaji angelidhani limetiwa chumvi, yaani mhubiri anayezunguka majukwaani akibishana na O'Hair mbele ya umati uliolipa kiingilio, lina asili ya kweli: mhubiri Bob Harrington wa New Orleans alifanya naye midahalo ya namna hiyo katika miaka ya 1970.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba mwanamke huyu, peke yake, aliiondoa sala katika shule za serikali za Marekani. Ukweli ni kwamba hukumu ya kwanza na ya msingi kuhusu sala shuleni ilitolewa mwaka 1962 katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, ambayo O'Hair hakuwa na sehemu yoyote ndani yake. Kesi hiyo ililetwa na wazazi wa New York, baadhi yao Wayahudi, waliopinga sala fupi ya maneno 22 iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo lao ili wanafunzi waisome kila asubuhi. Mahakama ya Juu ilisema kwamba si kazi ya serikali kutunga sala za raia wake.

Kesi yake yeye ilifuata mwaka mmodi baadaye, na hata hiyo haikusimama peke yake. Mwaka 1960, baada ya kwenda Paris pamoja na wanawe kuomba hifadhi katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti na kukataliwa, alirudi Baltimore akampeleka mwanawe mkubwa, William, shuleni, ambako siku ilianza kwa Biblia au sala ya Baba Yetu kwa mujibu wa kanuni iliyowekwa mwaka 1905. Alishtaki, akashindwa katika mahakama za Maryland, akakata rufaa. Wakati huohuo ilikuwapo kesi ya familia ya Schempp kutoka Pennsylvania, ambako sheria iliamuru zisomwe aya zisizopungua 10 za Biblia kila siku ya masomo. Kijana wao Ellory alikuwa ameanza kuipinga sheria hiyo tangu Novemba 1956, alipokaa darasani akisoma Kurani kimyakimya wakati wenzake wakisikiliza Biblia. Familia hiyo haikuwa ya wakana Mungu bali waumini wa kanisa la Waunitariani, na wao, tofauti na O'Hair, walishinda tangu mahakama ya chini, kwa hiyo aliyekata rufaa ni wilaya ya shule. Mahakama ya Juu iliziunganisha kesi hizo mbili na kutoa hukumu moja tarehe 17 Juni 1963, kwa kura 8 dhidi ya 1. Wanasheria huiita hukumu hiyo kwa jina la Schempp hadi leo. Umma uliipa jina la O'Hair, kwa sababu akina Schempp walikuwa watu wapole wanaokwenda kanisani, ilhali yeye alikuwa mama asiye na mume, mwenye ulimi mkali, aliyeikubali kila kamera iliyosogezwa mbele yake.

Hukumu yenyewe nayo husimuliwa vibaya. Mwanafunzi hakukatazwa kusali, wala Biblia haikufukuzwa shuleni. Kilichokatazwa ni serikali, kupitia shule zake, kuendesha ibada au usomaji wa kiibada. Jaji Tom Clark, aliyeiandika, alisema wazi kwamba Biblia inaweza kufundishwa kama fasihi na kama historia, mradi ifundishwe bila upendeleo. Mtoto anayeinamisha kichwa na kumwomba Mungu wake kabla ya mtihani hakuguswa na hukumu hiyo kwa namna yoyote.

Ukiitazama orodha ya kesi alizofungua baadaye, utaona jambo la kushangaza kidogo: ushindi anaokumbukwa nao ulikuwa wa kushirikiana, na yale aliyoyapigania peke yake aliyashindwa karibu yote. Wanaanga wa Apollo 8 waliposoma mwanzo wa Kitabu cha Mwanzo wakiuzunguka mwezi mkesha wa Krismasi wa mwaka 1968, aliishtaki NASA, na shauri likatupwa. Alipinga maandishi ya kumtumainia Mungu yaliyomo katika fedha za Marekani, akashindwa, na maandishi hayo yapo mpaka sasa. Athari ya kesi ya NASA ilionekana kwingine. Buzz Aldrin aliposhiriki meza ya Bwana ndani ya chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini mwaka 1969, alishauriwa asiitangaze ibada hiyo hewani, kwa kuwa wakubwa wake hawakutaka kesi nyingine.

Kuhusu kifo chake zipo dhana mbili zinazopingana, na zote ni potofu. Ya kwanza ni kwamba alitoroka na fedha za chama chake cha American Atheists. Agosti 1995 yeye, mwanawe mdogo Jon na mjukuu wake Robin, binti wa William ambaye O'Hair alimlea kama mtoto wake, walitoweka nyumbani kwao Austin. Kwa majuma kadhaa wafanyakazi wa chama waliendelea kuzungumza na Jon na Robin kwa simu, wakiambiwa kwamba wapo San Antonio kwa shughuli, kisha simu zikanyamaza. Ilipogundulika kwamba zaidi ya dola 600,000 hazipo, na kwamba fedha hizo zilitoka katika akaunti iliyokuwa New Zealand, watu walihitimisha kwamba ajuza yule amekimbilia huko kula raha. Polisi hawakuhangaika sana, na katika hilo nadhani sifa yake mbaya ilimponza: mtu anayechukiwa na wengi akitoweka, wengi huona nafuu kuliko wasiwasi.

Dhana ya pili, iliyosikika miili ilipopatikana, ni kwamba aliuawa na washupavu wa dini waliokuwa wakimtishia miaka yote. Vitisho vilikuwapo kweli, na si vichache. Lakini muuaji alitoka ofisini kwake. David Waters, mfungwa wa zamani aliyekuwa ameajiriwa na chama, aliiba dola 54,000 za chama hicho, na O'Hair akamwanika katika jarida la wanachama pamoja na rekodi yake ya uhalifu. Waters, akiwa na Gary Karr na Danny Fry, aliwateka watatu hao, akawalazimisha kuihamisha fedha ile na kuagiza sarafu za dhahabu, kisha akawaua. Fry naye aliuawa siku chache baadaye. Mwili wake ulipatikana kando ya mto karibu na Dallas bila kichwa wala mikono, na ulipokuja kutambuliwa, miaka mitatu hivi baadaye, ndipo fumbo lote lilipoanza kufumbuka. Januari 2001 Waters aliwaonesha wapelelezi kaburi lililokuwa katika shamba la mifugo karibu na Camp Wood, na O'Hair akatambuliwa kwa nyonga yake ya bandia. Dhahabu haikumfaidi: aliificha katika chumba cha kukodi, na wezi wengine, wasiojua ni ya nani, wakaivunjia na kuitumia yote isipokuwa sarafu moja. Waters alifia gerezani mwaka 2003.

William, mtoto ambaye kwa ajili yake kesi ya Baltimore ilifunguliwa, hakufuata njia ya mama yake. Mwaka 1980 alitangaza kwamba ameokoka, akawa mhubiri wa Kibaptisti, na mama yake akamkana moja kwa moja. Hapa filamu haikumwonea O'Hair, kwa maana ukatili wake kwa watu wa damu yake umeandikwa na kushuhudiwa.

Umebaki uvumi mmoja ambao filamu ya dakika 90 isingeweza kuumaliza. Desemba 1974 watu wawili wa redio, Jeremy Lansman na Lorenzo Milam, waliiandikia tume ya serikali inayosimamia mawasiliano wakiomba isimamishe kwa muda utoaji wa leseni mpya za masafa ya elimu kwa taasisi za dini. Ombi hilo lilipewa namba 2493, nayo tume ikalikataa Agosti 1975. O'Hair hakuliandika wala hakulitia saini. Lakini makanisani ulienea waraka uliodai kwamba yeye ndiye mwenye ombi namba 2493, na kwamba anataka vipindi vyote vya dini vifutwe redioni na kwenye televisheni. Ulipita kwa fotokopi, ukapita kwa faksi, ukahamia kwenye barua pepe, kila mara ukimsihi msomaji auwahi na kuusambaza, na tume ikapokea mamilioni ya barua za kupinga jambo ambalo halikuwapo. Septemba 1995, alipokuwa mateka katika chumba cha hoteli San Antonio, barua zilikuwa zikiendelea kufika Washington, na miaka mingi baada ya kuuawa kwake ziliendelea kufika, zikiiomba serikali imzuie.